Mgonjwa Mmoja, Birika la Nyumba Nzima

Shaaban imefika ukingoni na kundi la WhatsApp la ukoo wetu limechangamka. Orodha ya vunja jungu inazidi kujaa: huyu ataleta mbuzi, yule mchele, mke wa kakangu halwa kilo 3, na mashangazi wawili wanagombania nani apike mkate wa sinia. Juzi jioni, katikati ya orodha hiyo, ukaingia ujumbe kwamba shemeji yetu ametolewa hospitali baada ya kukatwa vidole viwili vya mguu. Sukari. Watu wakaandika "Allah amponye", wengine "Amin", wengine wakaweka mikono ya dua. Ujumbe uliofuata ulikuwa swali: soda ziwe kreti ngapi?

Aliyeuliza si mtu mbaya, na hakuna aliyemkemea. Ndivyo tulivyozoea. Ugonjwa kwetu ni jambo la hospitali, chakula ni jambo la furaha, na hatupendi kuyakutanisha mawili hayo mezani. Lakini nimekaa na swali lile tangu juzi, na ninachotaka kusema leo ni kwamba sukari na presha zinazotumaliza hapa Pwani haziwezi kushindwa na mgonjwa mmoja anayepikiwa kisufuria chake pembeni. Ugonjwa huu unapikwa na nyumba nzima. Nyumba isipobadilika, mgonjwa atashindwa tu, na baada yake atafuata mwingine kutoka meza ileile.

Somo hili nilipewa na nesi mmoja, wala halikuwa somo refu. Mamangu ana miaka 68 na ameishi na sukari kwa miaka 11. Mwaka jana kipimo chake cha asubuhi kabla ya kula kilikuwa 13 na nukta, na dawa anakunywa. Nesi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, hakumgombeza. Alimuuliza, "Mama, chai ya nyumbani watia sukari nani?"

"Mkaza mwanangu," mama akajibu.

"Nawe wanywa hiyohiyo?"

"Nami ni mtu wa nyumba, mwanangu. Ninywe nini?"

Nesi akanigeukia mimi niliyekaa pale na faili mapajani. "Safari ijayo njoo na mkeo."

Hapo ndipo nilipofikiri. Kwa miaka 11 tulimnunulia mama unga wa wimbi, mkate wa rangi ya kahawia, viatu laini, mashine ya kupimia, na vidonge vitamu vya kutia kwenye chai ambavyo hakuvipenda hata siku moja. Tulimpangia sahani yake, naye akaila peke yake huku sisi tukila wali wa nazi mbele ya macho yake. Kitu kimoja tu hatukukigusa, nacho ni birika. Kwetu Pwani chai hutiwa sukari jikoni, ikachemka nayo, ikaja mezani ikiwa imekwishaamuliwa. Mgonjwa, mtoto wa miaka 5, mgeni na mwenye nyumba wote wanakunywa uamuzi wa mtu mmoja aliyeshika pakiti.

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya uhasibu, kwa hivyo nitafanya ninachokijua. Chukua nyumba ya watu 6 inayomaliza pakiti moja ya sukari ya kilo 2 kwa wiki. Nimeuliza kwa majirani na kwa muuza duka wetu, na hiyo si nyumba ya ajabu. Gramu 2,000 gawanya kwa watu 6, kisha gawanya kwa siku 7. Kila mtu anapata karibu gramu 48 kwa siku, ambazo ni kama vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na shirika hilohilo linasema ni bora zaidi mtu asivuke gramu 25, yaani vijiko 6. Kwa hivyo nyumba yetu ya mfano imeshafika ukutani kwa pakiti ya jikoni pekee. Hatujahesabu soda ya nusu lita, ambayo moja tu hubeba zaidi ya gramu 50. Hatujahesabu juisi ya unga, biskuti za watoto, wala kaimati za jirani. Na mtoto, kwa kuwa anahitaji chakula kidogo kuliko mtu mzima, kikomo chake ni cha chini zaidi ya hicho.

Fanya hesabu hii nyumbani kwako leo. Hesabu pakiti, si vijiko, maana vijiko watu hudanganyana.

Sasa, sukari si kitu pekee kinacholeta ugonjwa wa sukari, na hapa watu wengi huchanganyikiwa. Mzee mmoja wa barazani kwetu hunywa strungi kavu, anajisifu nayo, kisha anakula mahamri 5 na sinia ya wali mchana. Mahamri ya unga mweupe na wali mweupe vikifika tumboni huvunjwavunjwa vikawa sukari ileile, tena upesi. Damu inapojaa sukari, kongosho hutoa homoni iitwayo insulini ili sukari hiyo iingie kwenye misuli na kwenye ini. Mambo yakienda sawa huo ndio utaratibu mzuri aliotuumbia Mola. Lakini ini likishajaa mafuta, na tumbo likatoka mbele, na misuli ikakaa bila kazi, insulini inabisha hodi na mlango haufunguliwi. Kongosho huongeza nyingine, na nyingine, kwa miaka, mpaka lichoke. Katika miaka yote hiyo mtu hana maumivu yoyote. Anasema yuko sawa.

Ndiyo maana vitu hivi hutembea pamoja: kitambi, presha, mafuta mabaya kwenye damu na sukari. Watu huviona kama magonjwa manne yaliyomwangukia mtu mmoja mwenye bahati mbaya. Kwa wengi ni habari moja, nayo ni mwili ulioshindwa kuendesha chakula unachopewa.

Na sisi si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii na watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliopita kiasi au unene. Utafiti wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha iliyopanda, na karibu 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari maishani mwao. Hizo ni hesabu za nchi nzima. Za mtaa wako unazijua mwenyewe, kaa tu nje ya msikiti siku ya mazishi usikilize marehemu aliugua nini.

Wazee wetu walikula halwa. Walikula biriani, walikula vitumbua, walipaka samaki kwa tui zito. Hoja hii nimeisikia mara mia na ni ya kweli. Lakini nyanyangu alitwanga kwa mchi, alikuna nazi mbili kila siku akiwa juu ya mbuzi, alibeba ndoo, na alitoka Kibokoni kwenda Majengo kwa miguu kumtazama dadake na kurudi. Halwa ilikuwa ya Idi, ya maulidi na ya harusi. Leo tui linatoka kwenye pakiti, halwa inauzwa kila kona kila siku ya Mungu, na kijana wa miaka 20 anapanda tuktuk kutoka Mwembe Tayari kwenda Marikiti. Simlaumu sana. Jaribu wewe kutembea njia hiyo na mzee mwenye goti bovu: pembezoni pa barabara pamejaa bidhaa zilizotandazwa, bodaboda zimeegeshwa, na palipobaki pana mtaro ulio wazi. Mji umetufundisha kukaa.

Tuna mahali pamoja pazuri. Bustani ya Mama Ngina, tangu ilipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, hujaa watu baada ya sala ya Alfajiri. Utawaona kina mama na mabuibui yao na raba, wawiliwawili, watatuwatatu, wanatembea upesi na stori zao. Nalipenda sana jambo hili, kwa sababu kwa muda mrefu mazoezi yalihesabiwa kuwa ya wanaume wenye uwanja wa mpira, na mwanamke wetu hakuwa na pa kunyoosha mguu kwa stara. Kisha njoo palepale saa kumi na moja jioni. Magari yamepangana, familia hazishuki hata kwenye viti, mihogo ya kukaanga inaletwa dirishani na pilipili yake na chupa za soda. Bahari ipo palepale, na upepo ni uleule.

Kuna habari njema ambayo haisemwi vya kutosha. Kutembea si adhabu ya wanene. Misuli ya mapaja na miguu ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini, na inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini imedhoofika. Kwa hivyo dakika 10 au 15 za kutembea mara baada ya kula chakula cha usiku hushusha ule mpando wa sukari unaofuata mlo. Hakuna haja ya jimu wala viatu vya bei. Kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha kukutoa pumzi kidogo, yaani dakika 30 kwa siku 5. Anayekwenda msikitini kwa miguu vipindi vitano na msikiti wake ukawa wa mbali kidogo, amekaribia bila kujua.

Je, inasaidia kweli, au ni maneno ya kupeana moyo? Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa na sukari iliyoanza kupanda lakini haijawa ugonjwa. Waligawanywa. Wengine walipewa dawa ya metformin, ile inayojulikana vizuri na wagonjwa wetu. Wengine wakasaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki. Wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kwa kiasi cha miaka mitatu, waliotumia dawa walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 31. Waliobadilisha mwenendo wakapunguza kwa asilimia 58. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 80 ni kilo tano na nusu hivi. Haikuwa kugeuka mtu mwingine. Finland walipata jibu kama hilo mwaka mmoja kabla, na Wachina walikuwa wameanza utafiti wa namna hii tangu 1986 katika mji wa Da Qing.

Zingatia neno moja hapo: walisaidiwa. Walikuwa na watu wa kuwafuatilia, kuwauliza, kupanga nao chakula. Sisi humwambia mgonjwa "punguza wanga, fanya mazoezi" kwa dakika mbili, kisha tunamrudisha kwenye birika lilelile.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari, kila mmoja na nyumba zake za kutembelea. Ni mpango mzuri, nausifu bila kigugumizi. Watu waliokuwa hawajawahi kuchomwa kidole maishani sasa wamejua namba zao. Oktoba 2024 ikaja SHA badala ya NHIF, wenye mishahara wakaanza kukatwa asilimia 2.75, na watu wakaambiwa wajisajili ili huduma za zahanati na vituo vya afya ziwe bure kwao. Tumebishana kuhusu makato, tumebishana kuhusu mtandao wa SHA kukwama, na mabishano hayo yana haki yake. Lakini sijasikia diwani wala mbunge wa Pwani hata mmoja akiuliza: huyu aliyepimwa akakutwa na 6.5 kabla ya kula, ambaye bado si mgonjwa na hastahili dawa, tumempangia nini? Ana muda wa kujiokoa, na ndiye anayeambiwa "kuwa mwangalifu" akaenda zake. Akirudi baada ya miaka mitano na jicho au figo, hapo fedha zitapatikana, kwa kuchangiwa na ukoo na kwa bima, na zitakuwa nyingi mara mia.

Linganisha na muguka. Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, mahakama ikasitisha amri, Embu wakapandisha hasira, Ikulu ikaingilia kati. Nchi nzima ilizungumza. Sina nia ya kuutetea muguka. Vijana wetu wanakesha nao, wanatafuna na soda mkononi, hawalali, na kukosa usingizi ni mlango mwingine wa kitambi na sukari. Nasema tu kwamba tulipata nguvu ya kupigana na jani linalotoka kwa wengine. Kwa pakiti iliyo kwenye kabati zetu wenyewe hakuna aliyeandamana, wala hakuna anayeombwa kuandamana. Kaunti ingeanza na mambo matatu yasiyohitaji mahakama: kusafisha njia za miguu, kuondoa soda kwenye mikutano yake yenyewe, na kuwapa wale wahudumu wa jamii muda wa kukaa jikoni na mwenye kupika, si kusoma namba mlangoni na kuondoka.

Najua kuna atakayesema hii ni hotuba ya wenye nacho. Mama anayeuza viazi vya karai Kisauni anamwamsha mwanawe na chai tamu na mkate kwa sababu ndicho kinachoshibisha kwa bei hiyo. Sukari ni nguvu ya maskini, na ukimwambia ale samaki na saladi anakuona umetoka mbinguni. Hoja hii ni nzito na sina jibu lake lote. Lakini vyakula vyetu vya bei ndogo si vibaya. Mbaazi, kunde na pojo vinashibisha muda mrefu kuliko mkate, na havipandishi sukari kwa kasi. Mchicha, mnavu na mchunga bado vinauzwa kwa fungu. Muhogo wa kuchemsha na dagaa ni bora kuliko ule wa kukaanga na soda. Na maji ni rahisi kuliko soda kwa vyovyote vile. Kinachokosekana mara nyingi si pesa, ni heshima: mgeni akiletewa mbaazi na maji anadhani amedharauliwa.

Wala sisemi tuache wali wa nazi. Mungu anisamehe, mimi mwenyewe siuwachi. Nasema sahani yetu imepinduka. Wali umekuwa mlima na mboga imekuwa pambo la kando. Ukianza na kachumbari na mboga, ukala samaki, kisha wali ukaja mwisho na ukawa robo ya sahani, umekula chakula kilekile cha kwenu na damu yako imepata ahueni. Sinia la pamoja lina uzuri wake, lakini lina hila: hujui umekula kiasi gani mpaka ushindwe kuinuka. Mafunzo ya Mtume (S.A.W.) ya kuliachia tumbo nafasi tumeyasikia tangu chuoni. Tunayahubiri, kisha tunatoka msikitini kwenda kushindana.

Na Ramadhani hii inakuja. Mwezi huu ungeweza kuwa dawa kubwa kuliko zote, na kwa wengi unageuka kuwa mwezi wa kunenepa. Futari yetu: tende, juisi ya ukwaju yenye sukari, sambusa, kachri, katlesi, kaimati zilizolowa, tambi za sukari, viazi vya nazi, uji, na hapo hujafika daku. Mwili ulioshinda bila kitu unamiminiwa vyote ndani ya nusu saa. Tende moja hadi tatu na maji zatosha kufungulia. Sala ya Magharibi ikae katikati. Kisha chakula chenye samaki au kunde na mboga, na kitamu kimoja, si vinne. Tarawehe yenyewe ni mazoezi ambayo hayalipiwi, kama hutakwenda na tumbo lililojaa mpaka huwezi kurukuu.

Kwa wagonjwa maneno yangu ni mengine, na hapa naomba msomaji asiniamini mimi bali amwone daktari wake wiki hii, kabla mwezi haujaandama. Wanaodungwa insulini na wanaokunywa zile dawa zinazolisukuma kongosho wanaweza kushukiwa na sukari mchana mpaka wakazirai. Dozi na saa za kunywa zinafaa kupangwa upya. Kujichoma kidole kupima hakubatilishi saumu, mashekhe wetu wameshalieleza hilo. Na kipimo kikishuka chini ya 3.9, au kikapanda juu ya 16.6, mtu afungue, saa iwe ni ya adhuhuri au imebaki robo saa kuadhiniwa. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Suratul Baqara palepale penye amri ya kufunga. Wazee wetu wengi wanaona haya kuitumia. Mamangu ni mmoja wao, na vita vyetu vya kila mwaka ni hivyo.

Jambo jingine nitaligusa haraka kwa sababu linanikera. Kila mwaka msimu huu wanatokea watu na chupa za unga wa majani, wanaapa unaponyesha sukari kwa siku 21. Kwa ndugu yetu mmoja aliyeacha vidonge kwa ajili ya unga huo, siku 21 zilimfikisha wadi. Habbatsauda kula, mlonge kula, hakuna aliyekataza. Usiache dawa. Ni kweli wapo watu waliorudisha sukari yao kwenye kiwango cha kawaida bila vidonge. Uingereza utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha karibu nusu ya waliopunguza uzito mwingi chini ya uangalizi wa kliniki waliweza, nao walikuwa hawajapita miaka 6 tangu waugue. Chini ya uangalizi. Si kwa chupa ya barabarani.

Nyumbani kwetu mabadiliko hayakuwa ya kupendeza. Mke wangu alirudi kutoka kwa yule nesi akatoa tangazo: kuanzia kesho birika linakuja kavu, bakuli la sukari linakaa mezani na kijiko kidogo, kila mtu ajitilie na kila mtu amwone mwenzake. Wiki ya kwanza watoto walinuna. Kakangu alipokuja alijitilia vijiko vinne kwa makusudi, huku akinitazama. Wiki ya tatu mdogo wetu akalalamika kwa jirani kwamba chai ya huko ni tamu mno. Pakiti ya kilo 2 sasa inakaa siku 18, nimeiandika kalenda. Wali tunapika, lakini mama anakula sinia moja na sisi, mboga mbele. Baada ya Isha tunazunguka mtaa naye mpaka kwa fundi wa viti na kurudi, mwendo wake ni wa taratibu na anasimama kusalimia kila baraza, kwa hivyo dakika 15 zinakuwa 40. Kipimo chake cha mwisho cha asubuhi kilikuwa 8.4. Bado kiko juu. Na halwa, wallahi, bado anaitafuta. Nimeikuta imefungwa kwenye leso chini ya mto.

Jana nilijikaza nikaandika kwenye kundi la ukoo: vunja jungu ya mwaka huu iwe na madafu na maji, soda tuziache. Kimya kilidumu dakika kumi. Shangazi mmoja akatuma sauti akinikumbusha kwamba amenibeba mgongoni. Mwingine akasema wageni watatucheka. Tumekubaliana kreti 2 badala ya 5, na mkate wa sinia utakuwa mmoja, jambo lililozua ugomvi mpya wa nani atakayepika huo mmoja. Usiku shemeji naye akaandika kutoka kitandani. Atakuja, mguu ukiwa na bendeji, na ameomba asiandaliwe sahani yake peke yake.